Ukuta Uliobeba Sahani: Kutoka Kidaka hadi Televisheni

Nyumba ya mwambao aghalabu husifiwa kwa mlango wake. Wapiga picha na waandishi wameishughulikia milango ya Unguja na ya Lamu, nakshi zake na misumari yake ya shaba, hata ikawa ni kama kwamba mlango ndio nyumba. Lakini mlango hauna pa kusimama pasipo ukuta, na ukuta, ambao hausifiwi na mtu, ndio uliobeba kila kitu: dari, boriti, watu waliolala ghorofani, na vile vitu ambavyo mwenye nyumba alitaka mgeni avione. Makala haya yanakusudia kuufuata ukuta huo katika kazi yake hiyo ya mwisho, yaani kazi ya kubeba kinachotazamwa. Zamani kilichotazamwa kilikuwa sahani ya kauri. Leo ni televisheni. Baina ya viwili hivyo yamepita mageuzi ambayo yasipofahamika humgharimu mtu ukuta wake, na pengine humgharimu mtoto wake.

Tuanze na ukuta wenyewe. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na yale ya nchi kavu, ambayo ni matumbawe ya zama za kale yaliyogeuka mwamba, na hayo ndiyo yaliyojaza kuta. Na kulikuwa na yale ya baharini, yaliyokatwa yangali mabichi na laini, yakachongwa kwa urahisi, kisha yakikaushwa na upepo huwa magumu. Hayo yaliwekewa mihirabu, miimo ya milango na kila mahali palipotaka nakshi. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ipumzike. Ukuta uliotokana na vitu hivyo ulikuwa na unene wa nusu mita au zaidi. Nje na ndani palipangwa mawe makubwa, na katikati pakajazwa mawe madogo na chokaa. Juu ukapigwa lipu ya chokaa, mnene na laini.

Upana wa vyumba haukuamuliwa na tajiri wala na fundi, bali na mkoko. Boriti zilizokatwa katika mikoko zilifaa kwa urefu wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi, na kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, Lamu kama Unguja. Katika chumba chembamba hakuna nafasi ya makabati. Basi mjenzi akautazama unene wa ukuta, akaona kuwa nafasi imo mle mle.

Hapo ndipo kilipozaliwa kidaka, ambacho kwa Kiunguja huitwa shubaka. Kidaka ni tundu la pembe nne au lenye upinde lililoachwa ndani ya ukuta wakati wa kujenga, likapigwa lipu na kutiwa nakshi. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 vidaka havikuwa kimoja kimoja. Vilipangwa safu juu ya safu, vikafunika ukuta mzima wa chumba cha ndani, yaani kile chumba cha mwisho kabisa ambacho mgeni wa barazani hakifiki. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeitafiti Lamu katika miaka ya 1970, aliyachora majumba hayo na kuonyesha jinsi nakshi zinavyozidi kadiri mtu anavyoingia ndani. Na jambo lenyewe si la Lamu peke yake, wala si la karne ya 18 tu. Hata katika magofu ya Husuni Kubwa huko Kilwa, jumba la karne ya 14, kuta zina mashubaka yake.

Katika vidaka viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa na pepo za misimu kutoka Uchina na Uajemi, pamoja na misahafu, taa na vitu vya thamani. Wataalamu wamehitilafiana kuhusu maana yake: wapo wanaosema ni pambo na fahari, na wapo wanaoona kuwa kauri ilikuwa pia kinga dhidi ya hasadi. Kinga hiyo ilifuata watu hadi makaburini, kwani makaburi ya minara ya Mambrui na Kunduchi yalipachikwa bakuli za kauri katika lipu yake. Na wapenzi wa ushairi hawahitaji kukumbushwa kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoililia Pate katika Al-Inkishafi, hakuusahau ukuta huu. Miongoni mwa vitu alivyovitaja kuwa ni dalili ya kuanguka kwa wenyewe ni vile vidaka vya vyombo, vilivyokwisha kubaki bila vyombo. Kwa mshairi huyo kidaka kitupu kilitosha kusema kuwa nyumba imekufa.

Unguja ya karne ya 19 iliurithi utaratibu huo na kuuongeza. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi kuta za vyumba vya majumba ya kifalme zilivyogawanywa kwa mashubaka marefu yenye rafu za mbao, zikapangwa bilauri na vyombo vya kauri, na baina yake kukawa na vioo vikubwa na saa. Vioo na saa vilitoka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo katika ukuta mmoja tayari palikuwa na vitu vya namna mbili: vile vilivyowekwa ndani ya ukuta, na vile vilivyotundikwa juu yake.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha habari yote. Sahani ndani ya kidaka imekaa juu ya jiwe. Uzito wake unashuka chini, jiwe juu ya jiwe, mpaka kwenye msingi. Na hiyo ndiyo kazi ambayo ukuta wa mawe na chokaa unaiweza: kukandamizwa. Ukiukandamiza, utasimama karne tatu. Lakini kitu kilichotundikwa kwa msumari hakiukandamizi ukuta, bali huuvuta. Hutaka kuung'oa msumari na kuuchomoa pamoja na lipu yake. Kuvutwa ndiko kusikowezwa na chokaa. Wazee hawakuandika vitabu vya uhandisi, lakini waliujenga mzigo ndani ya ukuta, hawakuuning'iniza nje. Palipolazimu kutundika, mjenzi alipachika kipande cha mti mgumu baina ya mawe wakati wa kujenga, na msumari ukapigwa katika mti, si katika chokaa.

Elimu hiyo ya kipande cha mti ndiyo iliyoendelea kwa mafundi wa dunia nzima hadi karne ya 20. Fundi alitoboa tundu, akagongomea kigingi cha mti, kisha akakaza skrubu ndani ya kigingi. Kazi ilikuwa ndefu, tundu lilikuwa kubwa, na kwa nchi zetu palikuwa na mchwa. Mabadiliko yalitoka London. Huko fundi mmoja, John Joseph Rawlings, alipewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika kuta za Makumbusho ya Uingereza bila ya kuziharibu. Akabuni kizibo chembamba cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi na damu ya wanyama, kinachoingia katika tundu dogo na kutanuka skrubu inapokazwa. Hiyo ilikuwa mwaka 1911 hivi. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatengeneza kizibo cha nailoni chenye meno na masikio, kisichooza wala kuliwa na mchwa. Mafundi wengi wa kwetu wanapomwambia mteja akanunue "fisha" dukani wanataja jina la mtu huyo, ambaye alifariki mwaka 2016, pengine bila ya kujua kuwa wanataja jina la mtu.

Yafaa kutua kidogo hapa. Kizibo cha Rawlings kilizaliwa kwa ajili ya kulinda kuta za jengo la kale, na kinafanya kazi kwa kutanuka na kuzibana pande za tundu. Kikiwa ndani ya jiwe gumu, tofali lililochomwa au zege, hubana na kubanika. Kikiwa ndani ya lipu ya chokaa, hutanuka na lipu ikatanuka nayo, ikapasuka. Chombo ni kile kile, lakini ukuta si ule ule.

Ama televisheni, ilifika kwetu kwa awamu. Kenya ilianza matangazo yake mwaka 1962. Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikajipatia sifa ya kuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kusini mwa Sahara kutangaza kwa rangi, ilhali Tanzania Bara ilikaa hadi mwaka 1994 ndipo vituo vyake vya kwanza vikaanza. Seti za wakati huo zilikuwa masanduku. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo, nzito mbele na nyembamba nyuma, na seti ya inchi 29 iliweza kupita kilo 40. Hakuna aliyefikiri kuitundika. Iliwekwa juu ya meza au kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na picha za harusi zikapangwa juu yake. Kwa namna fulani sanduku hilo lilikuwa kidaka kinachojisimamia: lilikaa, halikuning'inia. Hatari yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa. Kwa kuwa uzito wote ulikuwa mbele, mtoto aliyepanda droo za kabati ili aguse kioo aliweza kulivuta likamwangukia.

Kisha sanduku likawa bapa. Kioo cha plasma kilikwisha kubuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, lakini seti bapa za nyumbani zilianza kuuzwa katika miaka ya 1990, tena kwa bei za kifalme, na visiwani zilienea baada ya hapo, hasa Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012. Muungano wa watengenezaji unaojulikana kwa herufi VESA uliweka kipimo cha matundu yaliyo nyuma ya seti, ili breketi ya kampuni moja iikubali seti ya nyingine: milimita 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400, na kadhalika. Kipimo hicho ni neema. Lakini kinasawazisha upande mmoja tu, yaani upande wa televisheni. Upande wa ukuta hakuna aliyeusawazisha, wala hawezi, kwani ukuta wa Shangani si ukuta wa Chicago.

Watu wengi hujifariji kwa wepesi. Seti ya inchi 55 ya siku hizi ina kilo 15 hadi 18 hivi. Hiyo, wanasema, si kitu. Na kweli si kitu, ikiwa imelala ukutani. Lakini tufanye hesabu kidogo. Chukua seti ya kilo 15. Iwe juu ya breketi ya mkono, ile inayovutwa na kugeuzwa, na mkono huo unyooke sentimita 50 kutoka ukutani. Skrubu za juu za breketi ziwe sentimita 25 juu ya zile za chini. Kilo 15 mara 50 ni 750. Gawa kwa 25, ni 30. Maana yake skrubu za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 30, mbali na uzito wenyewe unaoshuka chini. Mtoto wa kilo 15 akining'inia hapo, nguvu hiyo inakuwa kilo 60. Seti hiyo hiyo ikilazwa sentimita 5 tu kutoka ukutani, hesabu hiyo inatoa kilo 3. Ukuta haukubadilika, wala televisheni haikubadilika. Kilichobadilika ni urefu wa mkono.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza kwa mwenye nyumba ya chokaa ni kwamba breketi ya mkono si yake. Achague iliyo bapa. Hukumu ya pili ni kuujua ukuta kabla ya kuutoboa. Augonge kwa vifundo vya vidole: mlio mkavu mzito unaashiria jiwe, mlio wa utupu unaashiria lipu iliyokwisha kuachana na ukuta. Fundi atoboe kwanza tundu dogo la majaribio, bila ya kuiwashia keekee ule mtikisiko wa nyundo, kwa kuwa mtikisiko huo huyalegeza mawe madogo ya katikati. Vumbi litamwambia alipo. Likitoka jepesi na jeupe pasipo na upinzani, bado yumo katika chokaa. Keekee ikianza kukataa, amefika kwenye jiwe. Kizibo kifupi cha sentimita 4 kinaweza kuishia ndani ya lipu tupu. Kinatakiwa kirefu, ili sehemu yote inayotanuka iwe ndani ya jiwe. Na pasipopatikana jiwe zima, ipo gundi maalumu ya mafundi inayomiminwa tunduni pamoja na chujio lake na kushika bila ya kutanuka, ambayo kwa ukuta dhaifu ni salama zaidi kuliko kizibo cha kubana.

Yapo na mengine matatu ambayo kisiwa humlazimisha mtu kuyatazama. La kwanza ni chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na katika nyumba nyingi hufika karibu mita moja juu ya sakafu, ukiacha lipu inayomenyeka kama ngozi. Chuma kilichotiwa mahali hapo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulipasua jiwe kutoka ndani. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mahali pawe pakavu. La pili ni umeme. Nyumba hizi zilijengwa kabla ya waya, na waya zilizochimbiwa baadaye mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Asitoboe mtu juu au chini ya vitu hivyo, na azime umeme kabla ya kuanza. La tatu ni jirani. Katika Mji Mkongwe ukuta mmoja aghalabu huwa wa nyumba mbili, na nyumba nyingine ni za wakfu au za kupanga. Tundu analolitoboa huyu ni la yule pia. Kuomba ruhusa hapo ni adabu na ni usalama kwa pamoja.

Hata hivyo, ukiniuliza lililo bora kwa nyumba ya zamani, nitarejea kwenye kidaka. Sina maana kwamba mtu achimbe kidaka kipya, kwani kuukata ukuta wa kale ni kuujeruhi. Nina maana ya kuifuata hekima yake: uzito ushuke chini, ukuta uombwe msaada mdogo tu. Seremala anaweza kutengeneza ubao mrefu uliosimama sakafuni, ukaegemea ukuta. Televisheni ikafungwa kwa skrubu kwenye ubao, na ubao ukashikwa ukutani kwa vibano vichache vya kuuzuia usianguke mbele. Mzigo wote unabebwa na sakafu, na ukuta hauvutwi. Ambaye ana kabati zito la chini anaweza kuiweka seti juu yake na kuifunga kwa mkanda kwenye ukuta, na kabati nalo likafungwa, ili droo zake zisigeuke ngazi ya mtoto. Kimo nacho kisiwe cha fahari. Wanaokaa juu ya mkeka hawana haja ya kuinua shingo kama watazamao mwezi. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa.

Patakuwepo watakaosema kuwa haya ni makubwa kwa jambo dogo. Lakini mnamo tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kazi za ukarabati, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha yao. Jumba lile lilikuwa na nguzo za chuma, na lilikuwa la mwanzo Unguja kuwekewa umeme. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu mwaka 2001. Orodha hazizuii ukuta kuanguka. Hatusemi kuwa tundu la skrubu liliangusha jumba lolote. Tunasema kuwa ukuta wa chokaa huzeeka kwa mambo madogo madogo: mfereji unaovuja, saruji iliyopigwa juu ya chokaa ikauzuia unyevu usitoke, mti ulioota upenuni, lipu iliyopasuka ikaachwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wangeishi wakaiona keekee, huenda wangetuonya pia dhidi ya kuutengeneza ufa kwa mikono yetu.

Ukuta uliobeba sahani kwa karne nyingi unaweza kuibeba na televisheni. Una sharti moja tu, nalo ni lile lile la zamani: aliye na mzigo aujue ukuta kabla ya kuutwika, na aukabidhi uzito kwa njia unayoiweza. Sahani iliyovunjika hununuliwa nyingine, na kioo cha televisheni hali kadhalika. Mtoto aliyekaa mbele yake, na ukuta ulio nyuma yake, havinunuliwi.